Amenivua saa mkononi akaifuta na kitambaa, MBELE YA WATU!

NesiWaUsiku:
Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka simu inanitetemeka mkononi.

Huyu bwana muuza saa wa mjini mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule mwenye kabati la kioo na taa za buluu, anayeongea na mteja huku macho yake yako mlangoni kuangalia kama anaingia mwenye hela zaidi. Leo amenivua saa mkononi. Sikuivua mimi, AMENIVUA yeye, akachukua kile kitambaa cha njano cha kusugulia vioo, akaifuta. Mkanda, kioo, mgongo, halafu akarudia mkanda. Duka limejaa watu wanatazama. Alivyosugua nilisubiri jini litoke limuulize bwana wangu unataka nini.

Mimi ni nesi wodi ya watoto, zamu zangu nyingi ni za usiku. Mtoto akiletwa anapumua kwa shida, unahesabu pumzi zake dakika nzima, hakuna cha kuhesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, huyo anapumua haraka. Wa mwaka 1 hadi 5, ni kuanzia 40. Sasa wewe uko kwenye 38, 39, umeme umekatika, mama wa mtoto analia begani kwako, unataka mshale wa sekunde unaouona bila kukodoa macho. Simu siitoi na mikono imelowa dawa. Saa kwangu ni kifaa cha kazi.

Zamu yangu ya kupokea hela ya mchezo imefika, nikatenga laki tano. Nikasema zile za elfu kumi na tano zinazoingia mvuke wiki ya kwanza basi, nimechoka nazo. Na nilikwenda nimejiandaa: mshale mrefu wa sekunde, namba zinazong'aa gizani, maji mita 100 kwa sababu nanawa kutwa (ile iliyoandikwa mita 30 ni ya manyunyu tu, usiende nayo hata kuogelea), na kioo cha safaya, kile kisichochubuka ovyo, kama hela inafika. Laki tano unaongea na Seiko 5, unaongea na Orient, unaongea na Citizen ya kutumia mwanga ambayo huhangaiki kubadilisha betri. Sikwenda kuomba Rolex ya mkopo.

Nikamwamkia, nikataja bajeti yangu. Akacheka. Akasema, "Manesi si mna zile za kubandika kifuani?" Nikameza. Akatoa Seiko 5, usoni imeandikwa otomatiki, yaani haina betri, inajijaza yenyewe ukitikisa mkono, laki nne na themanini. Nikaivaa, nikautazama mshale. Wakuu, mshale unaruka! Mruko mmoja kila sekunde, tik, tik, tik. Otomatiki za Seiko 5 zinapiga mapigo 21,600 kwa saa, ambayo ni 6 kila sekunde, kwa hiyo mshale unaonekana kama unatambaa. Ukiona unaruka mmoja mmoja namna ile, ndani kuna betri. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, hii si ya betri?"

Hapo ndipo alipoushika mkono wangu, akafungua klipu mwenyewe, akavua, AKAIFUTA. Halafu kwa sauti ya dalali: "Wengine huja kupiga picha na saa tu."

Simu ilikuwa kwenye pochi! Sijapiga picha hata moja!

Kidagaa:
Picha iko wapi sasa? Uzi hauna picha huu.

Chuma_Hakiliki:
Namjua huyo, tena sana. Aliniuzia Tissot yenye visaa vitatu vidogo ndani. Vyote vitatu vimechorwa. Nikabonyeza kitufe cha juu nipime mbio za mwanangu, kitufe kikabaki kwenye kidole. Nilivyorudi akaniuliza nimekula nini mkono wangu una nguvu hivyo.

Shemeji wa Wote:
Dada, laki tano kwa saa? Simu yako inaonyesha saa, tarehe, na hali ya hewa ya Mwanza. Hela hiyo unapata mbuzi wa maana, wanazaa. Saa haizai.

NesiWaUsiku:
@Shemeji wa Wote nimeeleza hapo juu kwa nini simu haifai wodini, soma. Na mbuzi nitamvaa mkono gani?

Sitaki tuondoke kwenye jambo. Alifuta saa niliyoivaa mimi dakika mbili. Nimenawa mikono kwa dawa maisha yangu yote ya kazi. Mikono yangu ni misafi kuliko kaunta yake, kuliko kitambaa chake, kuliko duka zima na ngazi zake! Halafu aliyeniacha hoi ni dada mmoja wa pembeni aliyesogeza mkoba wake.

FundiBetri:
Mimi ni fundi saa, hizo nazifungua kila wiki. Mgongo ukitoka unakuta mashine ya betri ndogo kama kifungo cha shati, imezungushiwa plastiki nyeupe kujaza nafasi iliyobaki. Mteja analia hapo hapo kwenye kiti changu. Seiko 5 ya kweli, ukiitikisa taratibu sikioni unasikia kile kipande kizito cha ndani kinazunguka, ndicho kinachoijaza. Nyingi zina kioo mgongoni, unakiona chenyewe kikicheza. Na Seiko 5 tangu ilipoanza 1963 ni otomatiki, na ilianza na sharti la siku na tarehe kwenye dirisha moja. Ukiona Seiko 5 ya betri, rudisha.

Ila dada, otomatiki nayo usiisifie sana. Kuachana na saa ya kweli sekunde 20 au 30 kwa siku ni kawaida yake. Ya betri ya kawaida inaachana kama sekunde 15 kwa MWEZI. Kwa kazi yako ya betri inakutosha.

NesiWaUsiku:
@FundiBetri asante kaka, hilo nalijua na ningeinunua ya betri bila neno kama angesema ni ya betri. Ndani ya dakika moja zote mbili zinahesabu sawa. Shida ni kuuziwa ya betri kwa jina la otomatiki, ukiuliza unafutiwa!

Na namba ya mgongoni niliiona kabla sijaivaa. Kwa Seiko tarakimu ya kwanza ni ya mwaka, ya pili ni ya mwezi: 1 hadi 9, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Ile yake ilikuwa K. Mwezi wa K ni upi jamani? Hapo nilikuwa sijasema kitu, nilitaka kumstahi. Nikamstahi, akanifuta.

Elfu_Ishirini:
Casio F-91W. Nimemaliza. Ipo sokoni tangu 1989, betri yake wenyewe wanasema miaka 7. Nimeoa nayo, nimejenga nayo. Kama unaogopa feki, shikilia kitufe cha kulia sekunde 3, orijino inaandika CASIO kwenye kioo. Nyie endeleeni kusuguana na Waswisi.

Chuma_Hakiliki:
@Elfu_Ishirini taa yake unaiona wewe? Usiku ile taa inaangaza kona moja tu, kona nyingine mgawo wa umeme.

Elfu_Ishirini:
Mwenye Tissot ya kuchorwa naye anaongea.

Bin Muttrah:
Asalaam alaykum. Mimi niko Muscat, huku Seiko 5 ziko madukani kawaida, siku imeandikwa Kiarabu na Kiingereza, unachagua mwenyewe kwa kuzungusha. Dada pole sana. Ningekuwa wewe ningemwachia mkono pia akaufute.

Kidagaa:
@Bin Muttrah mkuu unarudi lini? Niletee moja, ya buluu. Hela nitakupa ukifika.

Mpaka Rangi:
@Bin Muttrah na mimi. Na udi kidogo.

Shemeji wa Wote:
@Bin Muttrah kama kuna nafasi kwenye begi nina friji ndogo naulizia.

Bin Muttrah:
Nimetoka.

Mama Wawili:
Samahani mleta mada, niseme ukweli wangu. Wewe ni nesi, si ndiyo? Nyie manesi mnavyotujibu dirishani, leo na wewe umejibiwa. Mimi nilikwenda kliniki na mtoto ana homa, nauliza foleni inaanzia wapi, nesi ananiambia "kwani huna macho?" Macho ninayo! Ndiyo maana niliona watu wawili wameletwa kwa mlango wa nyuma!

Kidagaa:
Mama Wawili ametia moto. Nimekaa pale.

NesiWaUsiku:
@Mama Wawili dada yangu pole, huyo aliyekujibu hivyo alikosea na mimi simtetei. Lakini mimi sijawahi kumvua mgonjwa kitu mkononi nikakifuta mbele ya wenzake. Tuongee kuhusu kitambaa. Alifuta hadi klipu kwa ndani! Kwa ndani, wakuu, alikiingiza kwa ncha ya kidole!

Zuzu Mjanja:
Hivi manesi wanaruhusiwa kuvaa saa mkononi? Nimesikia nchi nyingine ni marufuku, mkono mtupu hadi kiwiko, sababu ya vijidudu. Ndiyo maana zipo za kifuani. Mzee wa watu alikuwa anakushauri kitaalamu.

NesiWaUsiku:
@Zuzu Mjanja Uingereza ndiyo wanavyofanya, sawa. Kwetu wodini ninavua saa nikishika kidonda, nanawa, navaa. Na ile ya kifuani ukiinama kwa mtoto inaning'inia inamgonga usoni, umewahi kujaribu? Halafu "kitaalamu" gani? Yule hajui hata saa anayoiuza ina nini ndani!

FundiBetri:
Dada nikushauri kwa laki tano hiyo. Chukua Citizen ya Eco-Drive yenye mishale, mita 100. Inakula mwanga wa aina yoyote, hata taa ya wodini. Usiiweke tu kabatini muda mrefu. Kioo, wauzaji wengi wanadanganya safaya. Safaya kwa ugumu ni 9, mchanga una chembe za 7, kwa hiyo mchanga hauichubui, lakini kioo cha kawaida unakichubua. Dondosha tone la maji: kwenye safaya linabaki limejikusanya, kwenye kioo cha kawaida linatanuka. Haijibu kila mara, ila mwongo akiona unadondosha maji anaanza kutokwa jasho.

Chuma_Hakiliki:
Adondoshe maji kwa yule bwana? Atafutiwa na tone lenyewe.

Mpaka Rangi:
@FundiBetri fundi nina saa ya marehemu baba, Orient, imesimama. Nilipeleka kwa fundi mmoja akanirudishia inatembea ila kinyumenyume. Uko wapi?

FundiBetri:
@Mpaka Rangi njoo PM. Na usimpe mtu mwingine aifungue kabla sijaiona.

Mama Wawili:
Mimi bado sijamaliza. Baada ya kuniambia sina macho, nikapanga foleni tangu saa moja asubuhi, nafika dirishani saa tano, naambiwa kadi hii ni ya chumba namba nne. Naenda namba nne, naambiwa rudi dirishani kwanza ugongewe muhuri. Mwenye muhuri kaenda chai!

Baba Tatu:
@Mama Wawili mwenye muhuri anaenda chai kila nchi. Mimi nilikaa namba nne hadi mtoto akapona mwenyewe. Alitoka pale anauliza chipsi.

Zuzu Mjanja:
Chumba namba nne kina laana. Kuna mama yangu mdogo aliitwa jina, akasimama, wakasimama na wenzake watatu wenye jina hilo hilo. Wakaingia wote, akatoka na dawa za mtu mwingine, za macho. Alikwenda na goti!

NesiWaUsiku:
Wakuu, nimefungua uzi wa saa. Kuna mtu yeyote amewahi kufutiwa saa na huyu bwana? Yeyote? Nataka kujua ni mimi tu au ndiyo kawaida yake.

Baba Tatu:
@Zuzu Mjanja dawa za macho zilimsaidia goti?

Zuzu Mjanja:
Hakuzitumia. Alirudi kubadilisha akaambiwa dawa ikishatoka dirishani haipokelewi. Akawaambia si nimepewa sasa hivi, hata mfuko sijaufungua? Wakamwambia aandike barua kwa mganga mkuu.

Mama Wawili:
Barua! Mtu mwenye goti bovu aandike barua! Na ofisi ya mganga mkuu iko ghorofa ya pili, lifti wamefungia mafaili ndani.

Elfu_Ishirini:
Kwetu lifti inafanya kazi ila ukitaka kuipanda lazima uwe na mgonjwa kwenye machela. Mke wangu mjamzito wa miezi minane amepanda ngazi, yule kijana wa lifti anakula embe anamtazama.

Mama Wawili:
@Elfu_Ishirini kijana mwenye kofia ya njano? Huyo huyo! Mimi aliniambia nipande kwa ngazi ni mazoezi!