Mnaosambaza video ya akina dada waliokamatwa hapa Mwanza, mmekosa kazi?

Wakuu, nimevumilia tangu Ijumaa ila leo yamenifika shingoni.

Ile video inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, akina dada waliokamatwa kwenye msako wa wanaodaiwa kujiuza wanapandishwa karandinga usiku. Kuna mmoja kajifunika kanga usoni, jamaa anaivuta ile kanga huku anammulika na tochi ya simu: "Tuonyeshe sura, malaya wewe!" Halafu mnaweka vikatuni vya kucheka.

Yule dada namjua. Mimi nakaa kaunta kwenye baa aliyokuwa anahudumu.

Mumewe alikuwa mvuvi, akazama huko visiwani. Arobaini haijafika, mashemeji wakabeba mtumbwi, nyavu, mpaka mabati wakaezua. Wakasema ndiyo mila. Na sheria ya mila iliyoandikwa 1963 inawabeba kweli: ukoo wa marehemu ukiwepo, mjane hana chake. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliipa Tanzania makosa kwa jambo hilohilo 2015, kesi ya wajane wawili wa Kisukuma. Nani kati yenu alilirekodi hilo akalisambaza?

Akashuka mwaloni, kule boti zinakoshushia samaki, kuanika dagaa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, kwa hiyo kila mwezi kuna siku za njaa. Giza likirudi, anayegawa ndoo za dagaa anataka kwanza ujue "utamfikiriaje". Mnaonunua mzigo mwaloni mnaijua hiyo lugha, msijifanye watakatifu.

Ndipo akaja baa. Mshahara wa mhudumu ni jina tu. Mteja akitoroka na bili, yako. Glasi ikivunjika, yako. Mwisho wa mwezi bosi ndiye anakudai wewe, na mtoto huko nyumbani anasubiri ada. Mkamuulize alianzaje?

Wenzake wengine walifukuzwa shule kwa mimba, kabla serikali haijaruhusu warudi Novemba 2021. Waliowapa hizo mimba hawakufukuzwa popote, na sitashangaa wamo humu wanatukana.

Sasa wateja. Nawaona kila siku: wenye hela za mabondo (vile vibofu vya sangara), waume za watu, na mzee mmoja anayeheshimika sana mtaani, anaingilia mlango wa jikoni. Siku ya msako wote walitorokea mlango wa nyuma. Karandinga ilijaa wanawake peke yao. Haya maadili yanajua jinsia?

Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza unyanyapaa. Basi nendeni dirisha la dawa za UKIMWI hospitali mkasikie akina dada hawa wanavyoitwa: "Wewe wa baa, umerudi tena?" Foleni nzima inageuka. Kuna ambao hawakurudi tena, dawa wanaachia njiani.

Kama kuna mwanasheria humu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamgusa aliyerekodi? Anicheki pembeni. Na wewe uliyeiweka status, ifute leo, mtoto wake anasoma na wa kwako.