Nyaraka za mheshimiwa: mkataba wamesaini wao, lawama nabeba mimi

Wakuu, nisameheni, uzi utakuwa mrefu. Nimetoka kazini sasa hivi, vidole bado vina kutu ya klipu, na nisipoyatoa haya leo nitamjibu mtu vibaya kesho kwenye kikao.

Mimi ni mtunza nyaraka kwenye maktaba ya chuo kikuu. Mwezi wa 14 huu nachambua nyaraka za mwanasiasa mmoja mkubwa, marehemu. Simtaji, chuo sikitaji, na msianze kubahatisha huko chini. Masanduku ni 340. Mengine ni masanduku kweli, mengine ni mifuko ya plastiki iliyofungwa fundo, na moja ni sanduku la nguo lenye namba ya siri ambayo hakuna anayeikumbuka.

Hasira yangu si wingi wa kazi. Hasira yangu ni kwamba mkataba wa kukabidhi nyaraka hizi ulisainiwa mbele ya kamera, watu wakapigiana makofi, tarehe ya kufungua mkusanyo kwa watafiti ikatangazwa hapohapo, na mpaka saa ile hakuna mtu wa maktaba aliyekuwa amefungua hata sanduku moja. Mimi nilijua siku lori lilipofika.

Mkataba nikauona baada ya wiki 3, tena kwa kubembeleza. Unasema maktaba inapokea "vyote". Vyote ndiyo hivyo ngao za shukrani 60 na ushee, kofia za kampeni, na saa ya ukutani iliyosimama. Unasema familia inaweza kuondoa nyaraka "zisizofaa" wakati wowote. Zisizofaa kwa nani? Mwisho wake lini? Hausemi. Hakimiliki ya hotuba na barua alizoandika mwenyewe inabaki kwa nani? Kimya. Barua ambazo wananchi walimwandikia? Hazimo kabisa, kana kwamba hazikuwahi kuwepo. Na hizo ndizo karibu theluthi ya mzigo wote.

Kuna mtu atauliza, kwani nyaraka za kiongozi si mali ya umma? Inategemea nchi na cheo. Marekani ilibidi waumizwe kwanza na sakata la Nixon, rais wao aliyejiuzulu akitaka kubaki na nyaraka zake, ndipo sheria ya 1978 ikaweka kwamba nyaraka za kazi za rais ni za umma. Wabunge wao wa Congress mpaka leo za ofisini kwao wanazihesabu mali binafsi, anampa amtakaye. Kwa hiyo karatasi ile ya makabidhiano ndiyo sheria yako pekee. Ikiandikwa hovyo, umekwisha.

Sasa sikilizeni lililoniuma kuliko yote.

Mwezi wa pili bosi aliona naenda polepole. Nikiwa likizo ya siku 4, akaleta wanafunzi wa kujitolea "wanisaidie". Watoto wazuri, wachapakazi, sina neno nao. Waliambiwa wapange barua zote kwa alfabeti ya majina, kisha watoe majalada ya zamani yaliyochakaa waweke mapya safi. Wakapanga. Nilirudi nikakuta masanduku 52 yamenyooka kama gwaride.

Wiki iliyofuata akaja aliyekuwa katibu muhtasi wa marehemu. Mama mtu mzima, alimfanyia kazi mheshimiwa tangu hajawa na jina. Nilimpa shikamoo, nikamvutia kiti, nikamfungulia sanduku la kwanza. Akaangalia muda mrefu bila kugusa kitu. Halafu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, majalada mekundu mmeyaweka wapi?"

Mekundu yalikuwa ya barua ambazo mheshimiwa alizisoma mwenyewe. Ya kijani zilijibiwa na ofisi bila yeye kuziona. Ya bluu zilipelekwa kwingine, na kila moja nyuma yake ilibanwa kikaratasi cha nani kaipokea. Yaani rangi ya jalada ndiyo ilikuwa jibu la swali ambalo kila mtafiti atakuja nalo: je, alijua? Majalada yalishatupwa. Vikaratasi vilikusanywa pamoja kwenye bahasha moja, nzuri, imeandikwa "mengineyo".

Wakuu, Waholanzi watatu waliliandika hili kwenye mwongozo wao wa kupanga nyaraka mwaka 1898. Usichanganye nyaraka za chimbuko moja na jingine, na usivuruge mpangilio aliouacha mwenyewe. Ni somo la wiki ya kwanza. Nyaraka si vitabu ambavyo kila kimoja kinajitegemea. Barua ina maana kwa sababu ya ile iliyokuwa mbele yake na ile iliyokuwa nyuma. Yule mama alirudi mara 5 kwa hiari yake, tukajaribu kurudisha kwa kufuata alama za kutu na mihuri ya tarehe. Tumeokoa masanduku 9. Hakuna aliyemlipa hata nauli.

Mengine ni ya kawaida, nayapitia haraka. Magazeti yaliyokatwa yamegeuka rangi ya chai na kupaka asidi yake kwenye kila kilicholala karibu nayo. Flopi zipo, mashine ya kuzisoma hatuna. Filamu za asetati, ile plastiki ya zamani, zinanuka siki, maana yake zimeshaanza kuoza. Nikauliza kuhusu friji, maana baridi inapunguza kasi ya kuoza. Wakacheka.

Faksi lakini siwezi kuziruka. Nilifungua jalada limeandikwa kwa kalamu nene MAZUNGUMZO, SIRI. Kurasa 31, zote nyeupe. Ilikuwa ile karatasi laini inayong'aa ya mashine za zamani. Pale hakuna wino, ni kemikali iliyogeuka nyeusi kwa joto, na ikikaa stoo miaka inafifia yenyewe. Nikaimulika taa kwa ubavu, nikapata nusu ya namba ya simu na neno "haraka". Basi. Mtu angezitoa nakala kwenye karatasi ya kawaida mapema, leo tungekuwa na mazungumzo.

Sasa bosi amegundua makala ya 2005 ya Greene na Meissner, Wamarekani waliosema watunza nyaraka tunapoteza muda kung'oa pini na kubadilisha majalada, na kwamba makusanyo makubwa ya karne ya 20 yanaweza kuchambuliwa kwa wastani wa saa 4 kwa futi moja ya ujazo. Anaitembeza kama hirizi. Nami naikubali kwa sehemu kubwa! Tumekuwa tukibembeleza karatasi huku mrundikano unafika darini. Lakini kuacha pini mahali pake kunahitaji ghala lenye ubaridi na ukavu usioyumba. La kwetu kiyoyozi kinazimwa Ijumaa jioni kubana matumizi. Jumatatu ukiingia, hewa imelowana.

Halafu kuna hili. Juzi nilishika barua ya mama mmoja, kurasa 2 za daftari. Ameeleza ugonjwa wa mtoto wake kwa jina, akaeleza aliyomfanyia mumewe, akabana cheti cha hospitali na picha ndogo ya mtoto. Pini imeota kutu, imetoboa shavu la picha. Huyu mama alimwandikia mtu mmoja tu, tena kwa sababu alikuwa ameishiwa pa kwenda. Mtoto yule kama yupo hai sasa ni mtu mzima. Za namna hii nimehesabu zaidi ya 600 kwenye masanduku 20 tu. Na maagizo niliyopewa ni kwamba siku ya ufunguzi zitoke zilivyo, maana "tumeshatangaza".

Wakati huohuo mtoto wa marehemu anapiga simu kila wiki anataka bahasha fulani ya mambo ya fedha irudishwe nyumbani. Hiyo wanaona ina faragha. Ya mama wa watu haina.

Kesho saa 4 asubuhi naitwa nieleze kwa nini nachelewesha. Napanga kuomba mambo mawili tu: barua za wananchi zifungwe kwa miaka kadhaa, na familia ipewe tarehe ya mwisho ya kuondoa vitu, kwa maandishi, huku kila kinachotoka kikiorodheshwa. Yote mawili yanahitaji kiambatisho kwenye mkataba ambao wakubwa wanaona aibu kuugusa.

Kama kuna mtu humu amewahi kufanikiwa kurekebisha mkataba wa aina hii baada ya kusainiwa, aniambie alianzia kwa nani. Kwa mwanasheria wa chuo, au kwa familia kwanza? Ushauri wa "tafuta kazi nyingine" nimeshaupata nyumbani.