Netibuku ya inchi 10 au laptopu ndogo ya inchi 12.5: ipi inafaa kwa safari za Tabora, Kigoma na mwambao wa ziwa?

Mkaguzi wa Tabora

Ndugu zangu, kazi yangu ni kupitia vitabu vya hesabu vya vyama vya ushirika vya msingi katika kanda yetu ya magharibi, na kwa mwezi mzima ninaweza kulala nyumbani hapa Tabora siku kumi tu. Siku zilizobaki huwa niko Urambo, Kaliua au Uvinza, mara nyingi kwa treni, na mara mbili kwa mwaka hufika Kigoma na kupanda boti kuelekea vijiji vya kusini. Laptopu ya ofisi ni ya inchi 15.6. Ikiwekwa mkobani pamoja na chaja yake, ninakuwa kama mtu anayehama, na ndani ya behewa siwezi kuifungua kwa sababu kioo chake kinagonga kiti cha mbele.

Nimeonyeshwa vitu viwili, vyote vimetumika. Cha kwanza ni netibuku, yaani laptopu ndogo sana ya bei nafuu, ya inchi 10.1 yenye prosesa ya Atom, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 na diski ya GB 250, kwa shilingi 130,000. Cha pili ni ThinkPad X270 ya inchi 12.5, yenye RAM ya GB 8 na SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya GB 256, kwa shilingi 480,000. Tofauti ya shilingi 350,000 si fedha ndogo kwangu. Kazi yangu ni majedwali ya hesabu yenye mistari elfu mbili au tatu, kuandika ripoti, na kutuma barua pepe kwa intaneti ya simu. Naomba ushauri wa waliokwisha kusafiri nazo, maana wauzaji nimekwisha kuwasikiliza vya kutosha.

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Ndugu Mkaguzi, kabla ya kuzungumzia kasi, nakuomba uombe mizani ya dukani upime vyote viwili. Watu wengi huamini kwamba netibuku ni nusu ya uzito wa laptopu ndogo, lakini netibuku ya inchi 10.1 yenye betri ya seli sita huwa na uzito wa kilo moja na robo hivi, na X270 yenye betri ndogo haiipiti kwa kiasi ambacho bega lako litakitambua. Unachokipunguza hasa ni urefu na upana, na hilo linasaidia ndani ya behewa, lakini mzigo unabaki karibu uleule.

Haikuwa hivyo mwanzoni. ASUS Eee PC 701, ambayo ndiyo iliyozifanya netibuku zijulikane mwishoni mwa mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 7, RAM ya MB 512, hifadhi ya GB 4 isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, mfumo wa Linux (mfumo huria unaotumika badala ya Windows), na uzito usiofika kilo moja. Kwa matumizi ya wakati ule kilikuwa kifaa cha safari hasa. Baadaye watengenezaji wakakiongeza kioo, wakatia diski za kawaida, wakatia Windows, na mwisho wake netibuku ikawa na uzito wa laptopu ndogo bila kuwa na nguvu zake. Kufikia mwanzo wa mwaka 2013 ASUS na Acer walikuwa wameacha kuzitengeneza. Kwa hiyo unachoonyeshwa ni kifaa chenye umri wa zaidi ya miaka kumi, hata kama kimefutwa vumbi na kubandikwa stika mpya.

Kuhusu majedwali yako, tatizo kubwa zaidi ni kioo, ingawa wengi hukimbilia kulalamikia prosesa. Netibuku nyingi zina pikseli 1024 kwa 600. Hizo 600 za wima, ukiondoa menyu ya juu na ukanda wa chini, zinakuachia mistari michache sana ya hesabu, na kuna visanduku vya programu ambavyo kitufe cha kukubali kinajificha chini ya ukingo wa kioo, usiweze kukibonyeza. Mtu anayelinganisha risiti na leja kwa saa nne atachoka kwa kupandisha na kushusha ukurasa kabla hajachoshwa na hesabu zenyewe.

Jambo la pili ni diski. Hiyo ya GB 250 ina sahani inayozunguka, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali mdogo sana. Ukiiwasha ndani ya gari kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, unaihatarisha kila mtikisiko. Mashine nyingi ninazoletewa na watu wa safari, zenye diski za namna hiyo, zimekufa diski na si kitu kingine. Diski inaweza kubadilishwa kwa SSD, nami nimekwisha kuwafanyia watu kadhaa, lakini hapo gharama yako si 130,000 tena.

Mwanalinux wa Ujiji

Fundi namheshimu, lakini amekihukumu kifaa kwa kazi ambayo hakikukusudiwa. Mimi nina netibuku yenye Linux nyepesi, nimeiwekea SSD ndogo, na ninaandikia humo makala na kumbukumbu za safari bila taabu. Kibodi ni ya kubana, kidole kinazoea baada ya wiki. Faida yake kuu ambayo haijatajwa ni kwamba ikizama ziwani au ikiibiwa, sitalala njaa.

Hata hivyo, ndugu Mkaguzi, muulize muuzaji ni Atom ipi. Kama ni N270, hiyo ni ya biti 32 peke yake, yaani muundo wa zamani, na mifumo inaendelea kuziacha mashine za namna hiyo. Chrome ya Linux iliziacha mwaka 2016, na hata Debian, aina ya Linux ambayo ndiyo ilikuwa kimbilio letu, toleo lake la 13 la mwaka 2025 halina tena kisakinishi cha biti 32. Kama imewekewa Windows XP, usiiunganishe na intaneti kabisa, kwa sababu Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya usalama tangu tarehe 8 Aprili 2014. Ikiwa ni Windows 7 Starter, nayo imekwisha muda wake, na ilikuwa bahili kiasi cha kumnyima mwenye mashine hata kubadili picha ya nyuma ya kioo.

Nakiri pia kwamba barua pepe yangu siifungulii humo. Kurasa za siku hizi zinaimaliza RAM yote kwa kurasa tatu, kwa hiyo natumia simu.

Mwalimu wa Kasulu

Naomba niongeze njia ya tatu, kwa sababu niliipita mwenyewe na sikufurahi. Nilinunua laptopu mpya kabisa ya inchi 11.6 yenye prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC (ya chipu, kama ya simu) ya GB 64, nikivutiwa na upya wake na dhamana ya mwaka mmoja. Betri yake ni nzuri na haina feni, hivyo haipigi kelele wala haivuti vumbi. Lakini Windows yenyewe ilichukua sehemu kubwa ya hifadhi, na kila sasisho kubwa lilipokuja nilitakiwa kuhamishia kazi zangu kwenye flashi ili lipate nafasi. Nilipoipeleka kwa fundi aongeze RAM, aliifungua akanionyesha kwamba imechomelewa kwenye ubao, na hifadhi nayo ni hivyohivyo. Upya wa boksi ulinidanganya.

Mrina Asali, Sikonge

Mimi nitazungumzia umeme tu. Kijijini tunachaji kwa sola na betri ya gari. Chaja ya kawaida ya laptopu inahitaji inveta, na inveta inapoteza sehemu ya umeme kabla haujafika kwenye mashine. X270 ina tundu la USB-C linalopokea chaji, kwa hiyo inaweza kuchajiwa kwa pawabenki au chaja ya gari inayotoa volti 20 na wati 45, bila inveta. Pawabenki za simu za kawaida hazitoi volti hizo. Soma maandishi ya ubavuni kabla ya kulipa.

Dada wa Kibirizi

Shikamoo Mzee Mkaguzi. Mimi hukusanya takwimu katika vijiji vya mwambao, kuanzia vya kaskazini upande wa Gombe hadi Buhingu, na nimefanya kazi hiyo kwa vyote viwili, netibuku miaka ya nyuma na X270 sasa.

Kwenye boti mashine haifunguliwi, iwe ndogo au kubwa. Mawimbi ya alasiri yanarusha maji hadi kwenye mabenchi, kwa hiyo inakaa ndani ya mfuko wa plastiki mzito uliofungwa, kisha ndani ya mkoba, na mkoba unapakatwa, hauwekwi chini kwa sababu maji hukusanyika sakafuni. Udogo wa netibuku haukunisaidia chochote huko. Nilipouona umuhimu wa udogo ni usiku, nyumba ya wageni, ambapo meza ni stuli.

Kilichobadilisha kazi yangu ni betri. X270 ina betri mbili: moja ndogo ya ndani ya wati-saa (kipimo cha umeme ambao betri inashika) 23 hivi, na nyingine ya nje ambayo inachomolewa. Ya nje ikiwa ile kubwa ya wati-saa 72, ninaandika siku nzima na ziada inabaki, ingawa inachomoza chini na kuinua mashine kidogo. Betri ya netibuku ilipochoka nilitafuta nyingine Kigoma na Mwanza bila mafanikio. Niliyoagiza ilidumu miezi minne.

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Dada amesema kweli, lakini sitaki Mzee Mkaguzi anunue bila kulijua hili: prosesa za X270 ni za kizazi cha sita na cha saba, na hazimo katika orodha ya Microsoft ya mashine zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, ilhali Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukitaka ya ukubwa huohuo iliyo ndani ya orodha, tafuta X280 au Dell Latitude 7290 zenye kizazi cha nane. X280 ni nyepesi zaidi, lakini betri yake ni ya ndani tu na RAM imechomelewa, kwa hiyo ukiikuta na GB 4 uiache. Au chukua X270 hiyo uiwekee Linux, uhakikishe kwanza kwamba fomu za hesabu za ofisi yako zinafunguka sawasawa katika LibreOffice, programu ya bure ya majedwali na barua, hasa zikiwa na makro (amri za kujiendesha zilizomo ndani ya jedwali).

Mkaguzi wa Tabora

Marahaba, Dada, na asanteni nyote. Jana nilirudi dukani na mizani. Netibuku ilikuwa na kilo 1.24 na X270 kilo 1.33, gramu 90 ndizo nilizokuwa nikizihangaikia. Atom yenyewe ni N270. Fomu zetu nilizijaribu katika LibreOffice: mbili zina makro na zilikataa, zilizobaki zilifunguka. Hizo mbili nitazijaza nikirudi kwenye kompyuta ya ofisi.

Kwa X270, kijana wa dukani aliniendeshea amri ya powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya hali ya betri. Betri ya ndani bado inashika wati-saa 17, lakini ya nje imebaki na 6 kati ya 23. Amekubali kupunguza hadi 430,000, au kunipa betri kubwa iliyotumika kwa bei ileile ya awali. Nichukue lipi? Na je, betri ya nje naweza kuichomoa mashine ikiwa inawaka?

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Chukua betri kubwa, kwa sharti kwamba aichomeke mbele yako na ripoti isomwe upya, na isiposhika angalau wati-saa 55 urudi kwenye punguzo. Kuichomoa ikiwa inawaka inaruhusiwa, ndiyo maana kuna ya ndani, lakini tazama kwanza kwamba hiyo ya ndani haijashuka chini ya asilimia 20, na uhifadhi jedwali lako kabla ya kugusa vifungio.