"Shade into" maana yake nini, na inatofautianaje na "blend in"?

mfasiri_chipukizi: Habari zenu wakuu. Nimekwama kwenye sentensi hii: "His confidence shades into arrogance." Kamusi yangu inasema shade ni kivuli, ila nikiweka kivuli hapo haileti maana. Je, ni sawa na "blend in"? Naweza kusema "She shaded into the crowd"?

kalamu_nyekundu: Mkuu, achana na kivuli, anza na rangi. Shade pia ni kiwango cha kukolea kwa rangi. Simama ufukweni Zanzibar uangalie maji: karibu ni kijani cha kung'aa, mbele yanakolea, mbele zaidi ni buluu, na huoni mstari kijani kinapokomea. Hapo Mwingereza husema "The green shades into blue."

Kwa hiyo sentensi yako ni: "Kujiamini kwake huzidi kidogo kidogo hadi kuwa majivuno." Usitumie "kuchanganyika", kwa sababu vilivyochanganyika viko pamoja, hapa cha kwanza kinakwisha na cha pili kinashika nafasi.

"She shaded into the crowd" hapana. Kiima chake ni rangi, hisia, tabia, maana au wakati. Mtu hu-"blend into the crowd": amejichanganya na umati asitambulike, lakini bado ni yeye yule.

bi_sarufi: Naongezea upande wa sarufi, maana ndipo wengi wanapoanguka. Into ni kihusishi, lazima nomino ifuate. Katika "blend in", in ni kielezi, kwa hiyo sentensi inaweza kuishia hapo: "He doesn't blend in." Ukitaka kutaja anaojichanganya nao, ongeza with: "blend in with the crowd". "Blend in the crowd" ni kosa, kwani inasomeka kama maelekezo ya mapishi, "blend in the butter", yaani changanya siagi humo. Na siagi ikiwa kiwakilishi, huingia katikati: "blend it in", kamwe si "blend in it".

Sikiliza pia mkazo: blend IN, lakini SHADE into.

mfasiri_chipukizi: Asanteni sana. Sasa "Criticism shaded into abuse" niandike "Ukosoaji uligeuka matusi"?

kalamu_nyekundu: Hiyo ni "turned into", ambayo haisemi mwendo, kugeuka kunaweza kuwa ghafla. Rudisha mwendo: "Taratibu, ukosoaji ukawa matusi." Usiandike "was shaded into" pia, msomaji atatafuta aliyeshika brashi.

bi_sarufi: Na usiichanganye na "shade in" ya mitihani ya hisabati. "Shade in the triangle" ni kutia kivuli pembetatu. Hapo kamusi yako iko sahihi kabisa.