Bosi (adui mkubwa wa mwisho wa hatua) wa gemu yangu anafanya wachezaji waikimbie. Nirekebishe wapi bila kumlegeza?

Mwanzisha uzi: Wakuu, naunda gemu ya kuruka na kupigana, fremu (picha) 60 kwa sekunde. Bosi wa tatu ana damu 3,000, na kila pigo la mchezaji linampunguzia 25. Ukifa unarudia hatua nzima, kama dakika mbili kabla hujamfikia tena. Wanaoijaribu wanaizima hapo hapo. Sitaki mteremko, nataka mtu akimshinda aruke kwenye kiti. Nianzie wapi?

Kitufe_B: Anza na njia ya kurudi, bosi mwache kwanza. Gemu kama Super Meat Boy (2010) na Celeste (2018) zinaua ovyo, ila ukifa unarudi mchezoni papo hapo, kosa lako bado liko kichwani. Dark Souls (2011) inakutembeza, sawa, lakini roho (ndizo pesa za gemu hiyo) ulizodondosha zinakungoja ulipofia, na ukifa tena kabla ya kuziokota zimepotea. Safari ile ina kamari ndani yake. Yako ina kusubiri tu. Weka kituo cha kuanzia mlangoni kwa bosi.

FremuKwaFremu: Piga hesabu ya damu. 3,000 kwa 25 ni mapigo 120. Kama anakupa mwanya wa mapigo mawili kila sekunde 6, hiyo ni mianya 60, dakika 6 bila kuteleza. Huo si ugumu, ni kuchosha watu. Mshushe hadi 1,200: mapigo 48, mianya 24, chini kidogo ya dakika 2 na nusu. Akifika nusu ya damu, abadilishe mbinu.

Na ishara yake kabla ya kupiga ni fremu ngapi?

Mwanzisha uzi: 10. Halafu wengine wanalalamika wamebonyeza kuruka na mhusika hakuruka.

FremuKwaFremu: Ndiyo hapo. Fremu moja ni kama milisekunde 16.7, kwa hiyo 10 ni 167. Mtu wa kawaida anahitaji kama 200 hadi 250 kuitikia anachokiona, na hapo bado hajachagua aruke au akwepe. Unamlazimisha abahatishe. Mpe fremu 25 hadi 30 kwa mapigo ya mwanzo, kila pigo na mkao wake na sauti yake. Ugumu utoke kwenye kuyachanganya, au kuchelewesha moja makusudi akishayazoea.

Kitufe_B: Malalamiko ya kuruka yana tiba mbili. Celeste inakuruhusu kuruka hadi sekunde 0.1 baada ya mguu kutoka ukingoni. Hizo ni fremu 6. Pia hifadhi kitufe kilichobonyezwa fremu 5 au 6 kabla ya kutua, aruke akigusa tu chini. Usizidishe: ukihifadhi fremu 20, mhusika atafanya jambo ambalo mchezaji ameshaghairi. Na eneo la kuumia la mchezaji liwe dogo kuliko picha yake.

Mwanzisha uzi: Je, niweke na kiwango rahisi?

Kitufe_B: Celeste ina msaada wa kupunguza kasi hadi asilimia 50, na haikupoteza heshima. Ila liwe la mwisho. Kwanza tengeneza hayo.

Mpimaji: Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio, la sivyo hutajua kilichosaidia. Mtu akifa muulize: umekufa kwa nini, na sasa utafanyaje? Akitaja pigo lenyewe na jibu lake, bosi yuko sawa hata akimuua mara thelathini. Akikwambia "sijui, nimekufa tu", rudi kwenye zile fremu 10. Rekodi pia damu iliyobaki kwa bosi kila mtu anapokufa. Ikishuka jaribio hadi jaribio, wanajifunza. Ikirukaruka bila mpangilio, bado wanabahatisha.