KCPE imeondoka. Mwalimu mkuu tumpime kwa kipimo gani sasa?

Mzazi, Manyatta, Kisumu

Zamani haikuwa kazi. Matokeo ya KCPE, mtihani wa taifa wa darasa la nane, yakitoka na wastani wa shule umepanda, mwalimu mkuu alibebwa juujuu akina mama wakipiga vigelegele. Ukishuka, Januari wazazi walifunga geti kwa kufuli lao wakitaka ahamishwe. Mtihani ule ulifanywa mara ya mwisho 2023. Sasa gredi ya sita wanafanya KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi, ambayo haimzuii mtoto kuingia gredi ya saba, na matokeo yake hayaleti vigelegele wala kufuli. Ndiyo maana mkutano wa wazazi shuleni kwetu uligawanyika: wengine wanasema mwalimu mkuu ni hodari, amepaka rangi madarasa na kuleta tangi la maji, wengine wanataka aende zake.

Mimi niko na hao wa pili, na sababu yangu ni daftari. Nilifungua la hisabati la mwanangu wa gredi ya nne. Ameandika 7 × 8 = 54, na juu yake pana alama ya vema ya wino mwekundu, imevutwa mara moja kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Ukurasa wa pili vivyo hivyo. Saini ipo, tarehe ipo. Aliyesahihisha hakusoma, na aliye juu yake hajalifungua daftari hilo muhula mzima. Haya, niambieni: mwalimu mkuu asiyeingia madarasani anaongoza nini?

Mwalimu mkuu mstaafu, Kakamega

Mama, uchungu wako nauelewa, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kiti hicho nimekikalia. Unaamka ukipanga kuingia gredi ya tatu usikilize watoto wakisoma. Saa mbili simu inalia, takwimu za shule zinatakiwa kwenye mfumo wa kompyuta kabla ya saa sita. Serikali imetenga shilingi 1,420 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka. Shule ya watoto 400, hizo ni 568,000, tena zikifika zote. Chaki ni hapo, umeme ni hapo, choo kikibomoka ni hapo.

Kisha kuna mwalimu mwenye watoto 80 darasani. Madaftari 80 ya hisabati, 80 ya Kiingereza, 80 ya Kiswahili, siku moja. Vema hiyo ndefu unayoilaani ilianzia hapo. Na mwajiri wake ni TSC, tume ya kuajiri walimu. Mwalimu mkuu hawezi kumfuta. Ataandika ripoti, basi.

Mzazi, Manyatta

Mwalimu, heshima yako iko palepale, ila hapo sikubali. Kama 80 ni wengi, asahihishe 20 leo na 20 kesho, na yale mengine ayaache bila alama. Daftari lisiloguswa nitalisahihisha mwenyewe nyumbani. Lenye vema ya uongo, mtoto ananibishia: "Mwalimu amesema ni sawa." Na takwimu za simu, si naibu yupo?

Mwalimu wa sekondari msingi, Nakuru

Mnasahau sisi. Sekondari msingi ilianza 2023, na sasa gredi ya saba hadi ya tisa tuko ndani ya ua wa shule za msingi, chini ya mwalimu mkuu huyohuyo. Sasa anaongoza shule mbili, na kwa kila mtoto wa huku juu kiwango ni shilingi 15,042 kwa mwaka. Maabara yetu ni meza moja nyuma ya darasa na ndoo ya maji. Mimi nilisomea fizikia na hisabati, nafundisha pia kilimo kwa sababu hakuna mwingine. Bosi hajawahi kuketi darasani kwangu. Na akiketi, ataniambia nini kuhusu fizikia?

Mwalimu mkuu mstaafu, Kakamega

Kijana, fizikia si lazima aijue. Aketi nyuma dakika 40 ataona kama watoto wanafanya kazi au wananakili ubao. Ataona nani hajaulizwa swali tangu kipindi kianze. Hilo halihitaji digrii.

Mzazi, Bungoma

Kwetu shida ni kanisa mfadhili. Sheria ya 2013 inampa viti vitatu kwenye bodi, na kazi zake nyingi ni za kushauri. Lakini akiletwa mwalimu mkuu wa dhehebu lingine, hata afundishe kama malaika, hapati usingizi.

Mwanabodi, Ahero

Niseme ukweli ambao wenzangu hawataupenda. Bodi inauliza habari za rangi kwa sababu rangi inaonekana. Mwalimu mkuu ndiye katibu wetu kisheria. Anaandika kumbukumbu, sisi tunatia saini. Nani kati yetu amewahi kuomba kuona daftari?

Lakini uongozi nimeuona. Hapa mpunga ukianza kutoa masuke watoto wanapelekwa mashambani kufukuza ndege, na madarasa ya juu yanabaki nusu. Tulikuwa na mwalimu mkuu mmoja aliyeita majina mwenyewe baada ya gwaride, akachukua boda pamoja na chifu hadi mashambani, wakaongea na wenye mpunga. Kelele hakupiga. Wiki iliyofuata madawati yalikuwa na watu. Huyo rangi hakupaka hata ukuta mmoja, na wazazi walimwona mvivu wa maendeleo.

Mzazi, Manyatta

Asante, mwanabodi. Basi kwenye mkutano ujao nitaomba mawili. Kwanza, kila muhula bodi ichukue madaftari kumi kutoka kila darasa, bila kutangaza, iyasome. Pili, pesa za serikali zikiingia, kiasi na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo pale getini, ili zile hesabu za mwalimu wa Kakamega tuzione sote na tujue ni lini shule imekosa kweli na ni lini tunafanywa wajinga.

Mwalimu mkuu mstaafu, Kakamega

La ubao naliunga mkono. La madaftari pia, kwa sharti: msiyabebe kimyakimya kama polisi. Mwalimu mwenye darasa awepo, aulizwe, ajieleze.

Mzazi, Manyatta

Awepo. Na mwalimu mkuu pia awepo. Siku hiyo tusiambiwe yuko semina Mombasa.