Nyaraka za zabuni zimevuja: nini kifanyike kabla ya kuchapisha?

Kalamu_Wazi

Wakuu, salamu. Naomba mwanga kuhusu uchunguzi wa kashfa za serikali, hasa za zabuni. Tuseme chumba cha habari kimeletewa kurasa kama 100: mkataba wa kujenga barabara, barua mbili za nyongeza ya mkataba na orodha ya malipo. Gharama imepanda kwa asilimia 40 juu ya bei iliyoshinda zabuni, na aliyezileta anasema kampuni ni ya waziri. Je, karatasi hizo zinatosha kuchapisha? Kama hazitoshi, hufanyika nini katikati, na kazi za namna hii huharibikia wapi?

Mfuata_Fedha

Mkuu, hazitoshi, hata zikiwa halisi zote. Karatasi iliyovuja inaonyesha pa kuchimba. Ushahidi unapatikana pale njia ya pili, isiyomtegemea aliyezileta, inapofika kwenye jambo lilelile.

Anza na jedwali la tarehe. Kila tukio liwe na mstari wake: siku, kilichofanyika, kiasi, nani alisaini, ukurasa wa ngapi. Ingiza usajili wa kampuni, tangazo la zabuni, ufunguzi wa zabuni, ripoti ya tathmini, barua ya kutunukiwa, mkataba, kila hati ya malipo, kila nyongeza, makabidhiano. Mengi hujitokeza hapo kabla hujamhoji mtu: kampuni iliyosajiliwa wiki tatu kabla ya tangazo huku ikidai uzoefu wa miaka mitano, au malipo yaliyotangulia ukaguzi wa mhandisi. Watu wanaikumbuka Panama Papers, nyaraka za kampuni za siri za ng'ambo zilizovuja mwaka 2016, kwa mafaili yake milioni 11.5, lakini kilichomkaba waziri mkuu wa Iceland, Sigmundur Davíð Gunnlaugsson, ni tarehe. Nusu yake ya kampuni ya Wintris alimuuzia mkewe kwa dola 1 siku ya mwisho ya mwaka 2009, siku moja kabla ya kuanza sheria ambayo ingemlazimu kuitangaza. Habari ilitoka tarehe 3 Aprili. Tarehe 5 akatangaza kuachia wadhifa.

Sasa hiyo asilimia 40. Peke yake haithibitishi wizi. Mkataba unaweza kupanda kihalali kwa sababu kazi imeongezeka, au una kifungu cha marekebisho ya bei vifaa vinapopanda. Fungua mchanganuo wa gharama, kipengele kwa kipengele, utenganishe kiasi na bei ya kipimo. Kama kiasi kimeongezeka, makalavati kutoka 12 hadi 30, nenda barabarani ukayahesabu. Kama ni bei ya kipimo iliyoruka wakati kazi ni ileile, uliza ni kifungu gani kiliruhusu na nani aliidhinisha. Picha za setilaiti zenye tarehe husaidia sana: hati ya malipo ikisema kilomita 8 zimekamilika mwezi Machi na picha ya Aprili inaonyesha pori, hapo una kitu.

Pengi huharibikia kwenye kulinganisha. Mtu anachukua gharama ya kilomita moja hapa na kilomita moja kule, kumbe huku ni lami nyepesi na kule ni zege la lami, huku kuna madaraja na kule ni tambarare, moja imejumlisha kodi na nyingine haijajumlisha. Mhandisi wa wizara ataibomoa hesabu hiyo kwa dakika tano, na habari yote itaonekana uongo hata pale iliposema kweli.

Kuhusu umiliki, usiishie kwenye orodha ya wakurugenzi. Tafuta wanahisa, wamiliki manufaa (wanaonufaika na kampuni hata kama majina yao hayaonekani), waliowahi kuwa wanahisa na siku walipohamisha hisa, na nani ameikopesha kampuni. Halafu jina pekee halitambulishi mtu. Linganisha tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, anwani au saini, angalau viwili kati ya hivyo, kwa sababu kumhusisha mtu na kashfa ya mwenye jina kama lake ni kosa lisilofutika kwa kuomba radhi. Zungumza pia na walioshindwa zabuni. Wana barua na wanajua bei za kazi, lakini wana hasira, hivyo chukua karatasi zao na kila dai lao ulipime upya. Zabuni pinzani zenye makosa yaleyale ya tahajia, au dhamana za benki zenye namba zinazofuatana, huashiria kwamba ziliandaliwa na mkono mmoja.

Kwenye Watergate, kashfa iliyomwangusha Rais Nixon wa Marekani, kabla ya majina makubwa kutajwa, kulikuwa na hundi ya dola 25,000 iliyotolewa kwa kampeni ya Nixon na kuishia katika akaunti ya Bernard Barker, mmoja wa waliokamatwa wakivunja ofisi za chama cha Democratic tarehe 17 Juni 1972. Mashahidi wanaweza kukana walichosema. Hundi ina namba, tarehe na benki.

Faili_Safi

Naongeza jambo linalopaswa kutangulia hayo yote: usalama wa aliyezileta. Kabla ya kupiga simu hata moja, jiulize ni watu wangapi ofisini kwao wanaoweza kuwa na kurasa hizo 100 kwa pamoja. Kama ni watatu, kuchapisha picha ya ukurasa wowote ni sawa na kumtaja.

Mwaka 2017 chombo kimoja cha habari cha Marekani kiliwaonyesha maofisa wa serikali nakala ya ripoti ya siri ili waithibitishe. Wachunguzi waliona alama za mikunjo, wakajua imechapwa na kubebwa mkononi. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha watu sita waliichapa, na kompyuta ya kazini ya mmoja wao ilikuwa na barua pepe kati yake na chombo hicho. Alihukumiwa kifungo cha miezi 63. Waandishi hawakuwa na nia mbaya. Walitoa nakala mahali ambapo maelezo ya maneno yangetosha.

Kwa hiyo nakala halisi haitoki nje ya chumba. Anayeulizwa asomewe yaliyomo, au aonyeshwe maandishi yaliyochapwa upya. Baadhi ya printa za rangi huacha nukta za njano zisizoonekana kwa macho, zenye tarehe, saa na namba ya mashine. Faili za PDF na za maandishi hubeba metadata: jina la aliyeitengeneza, programu iliyotumika, siku ya mwisho kuhaririwa. Wengi pia hukosea kufuta majina kwa kuweka kisanduku cheusi juu ya PDF. Maneno bado yako chini yake, ukinakili na kubandika yanatoka yote. Futa, geuza ukurasa kuwa picha, ndipo uhifadhi upya.

Mtoa taarifa asiwasiliane nawe kwa simu wala barua pepe ya ofisi, hata mara moja.

Daftari_la_Umma

Kama nchi husika ina sheria ya haki ya kupata taarifa, omba rasmi hati zilezile, lakini ombi liwe pana: mikataba yote ya barabara ya miaka mitatu, siyo ule mmoja. Ukitaja namba ya mkataba uliovuja umewaonyesha tundu lilipo. Zikitoka kwa njia hiyo unapata nakala isiyoweza kukanwa, na mtoa taarifa anapata pa kujificha.

Angalia sana kilichofutwa. Uingereza mwaka 2009, nakala rasmi za madai ya marupurupu ya wabunge zilitolewa zikiwa zimefutwa anwani. Gazeti la Daily Telegraph lilikuwa tayari limepata zile zisizofutwa, na anwani hizo ndizo zilizoonyesha wabunge wakibadilisha nyumba ipi ni "ya pili" ili wadai zaidi.

Mhariri_wa_Zamu

Nyote mmesema vyema. Mimi naangalia maneno, maana hapo ndipo habari za kweli hushindwa. Tarehe 25 Oktoba 1972 Washington Post liliandika kwamba Hugh Sloan, aliyekuwa mweka hazina wa kampeni ya Nixon, aliliambia baraza la wazee la mahakama (grand jury) kuwa Haldeman, mkuu wa watumishi wa Ikulu, alikuwa na mamlaka juu ya mfuko wa siri wa kampeni. Mamlaka hayo alikuwa nayo. Ila Sloan hakuwahi kusema hivyo mbele ya baraza hilo, kwa kuwa hakuulizwa. Ikulu ikakana kwa nguvu zote, na waandishi wa gazeti hilo wakapoteza heshima kwa muda kwa sababu ya kosa la wapi jambo lilisemwa.

Kila sentensi katika rasimu iwekewe namba, na kila namba iwe na karatasi au mtu nyuma yake. Isiyo na kitu inafutwa, hata kama ndiyo tamu kuliko zote. Usiandike "aliiba" pale ushahidi unaposema "alisaini". Watoa taarifa wawili waliosikia kwa mtu mmoja ni chanzo kimoja.

Kalamu_Wazi

Asanteni sana, mmenifungua macho. Moja limebaki: barua ya maswali kwa waziri iende lini? Wakipewa muda si watakimbilia mahakamani kuomba zuio, au hati zitapotea?

Mhariri_wa_Zamu

Hatari zote mbili zipo, ndiyo maana barua huenda mwisho. Kwanza picha za barabara ziwe zimepigwa, nakala za sajili zimechukuliwa, kila kitu kimehifadhiwa sehemu mbili tofauti, na wakili amesoma rasimu pamoja na barua yenyewe. Kisha siku tano hadi kumi za kazi kwa jambo lenye hesabu nyingi kama hili. Saa 24 kwa maswali 30 huonekana kama mtego, na mahakama hulitazama hilo.

Kila tuhuma iandikwe wazi, na tarehe na kiasi: "Tarehe fulani ulisaini nyongeza ya kiasi fulani, ni kifungu gani kilitumika?" Usiambatanishe hati. Barua ipelekwe kwa waziri, kampuni, mhandisi msimamizi na mamlaka ya ununuzi, kila mmoja maswali yake, na utunze uthibitisho wa kupokelewa. Jibu likileta jambo jipya, kwa mfano ripoti ya udongo iliyolazimisha kubadili usanifu, simamisha uchapishaji mpaka mhandisi asiyehusika aisome.